Shajara ya fazi mbili: gerimani kushoto, silikoni kulia

Siku ya 1

Leo nimeanza kazi niliyoiahirisha kwa muda mrefu: kuunda pedali mbili za fazi (visanduku vya kukanyaga vinavyoikwaruza sauti ya gitaa la umeme) za mtindo wa zamani kwa sakiti ileile moja, ya kwanza kwa transista za gerimani, ya pili kwa silikoni. Nataka kujua kwa masikio yangu na kwa mita yangu ni kipande kipi hasa kinachogeuza sauti. Kila mpiga gitaa ana lake: huyu anaapa kwa kapasita za zamani, yule kwa aina ya betri, mwingine kwa jina lililochapwa kwenye kofia ya transista.

Sakiti niliyochagua ni ya Fuzz Face, ile pedali ya duara iliyotolewa na kampuni ya Arbiter huko London mwaka 1966 na kupata umaarufu miguuni pa Jimi Hendrix. Kabla yake kulikuwa na Maestro FZ-1 ya Marekani mwaka 1962, kisha Tone Bender aliyoiunda Gary Hurst mwaka 1965, na lile toleo la Tone Bender lenye transista mbili halina tofauti kubwa na Fuzz Face. Nimeipenda kwa uchache wake. Transista 2, rezista 4, kapasita 3, poti 2 (vile vifundo vya kuzungusha). Vipande 11 tu, kwa hiyo ukibadilisha kimoja utakisikia.

Thamani zake nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika mbele ya meza (k ni omu elfu, M ni omu milioni; kolekta, beisi na emita ni miguu mitatu ya transista): 33k kwenye kolekta ya transista ya kwanza, omu 470 na 8.2k zikifuatana kwenye kolekta ya pili. 100k inayorudi kutoka emita ya pili hadi beisi ya kwanza. Kapasita ya kuingilia ni mikrofaradi 2.2, ya poti ya fazi 20, ya kutokea 0.01. Poti ya fazi ni 1k, ya sauti 500k.

Siku ya 2

Siku nzima ya kupima transista. Nina AC128 ishirini, za gerimani, aina ya PNP.

Kosa la wengi, na mimi nililifanya zamani, ni kuzichomeka kwenye multimita na kuamini namba inayotoka. Gerimani huvuja. Hata beisi isipopewa kitu, kuna umeme unaopita kati ya kolekta na emita, na mita huuhesabu kana kwamba ni ukuzaji, yaani mara ngapi transista inaukuza umeme wa beisi. Njia ninayotumia ni ile iliyoenezwa na R.G. Keen, mwandishi wa mambo ya sakiti za pedali: volti 9, rezista ya omu 2,472 kwenye kolekta (2.2k na 270 zikifuatana zinatosha kabisa), na rezista ya 2.2M inayokwenda beisi kupitia kitufe. Kabla ya kubonyeza, volteji unayoisoma kwenye rezista ya kolekta ni uvujaji mtupu. Ukibonyeza, beisi inapata mikroampia 4 hivi. Toa namba ya kwanza kutoka ya pili, zidisha kwa 100, hapo una ukuzaji wa kweli.

Mfano wa leo: transista namba 6 ilisoma volti 0.45 kabla ya kubonyeza na 1.30 baada ya kubonyeza. Ukiangalia haraka utasema ukuzaji ni 130. Ukweli ni 85, na uvujaji wake ni mikroampia 182. Hizo ni transista mbili tofauti kabisa kwenye sakiti hii.

Jambo la kuvumilia: joto la vidole. Nikiishika transista na kuichomeka, uvujaji unaanza juu, kisha unashuka taratibu mbele ya macho yangu kadiri kofia inavyopoa. Nimejiwekea utaratibu wa kuchomeka kwa koleo ndogo na kusubiri dakika tatu kabla ya kuandika namba. Transista ishirini kwa dakika tatu ni saa nzima ya kukaa kimya, lakini bila hivyo namba zote ni za kubahatisha.

Matokeo: 3 hazitulii, namba zinapanda na kushuka zenyewe. 9 zinavuja zaidi ya mikroampia 300, nimeziweka pembeni. Zimebaki 8. Ya kwanza nimechagua yenye ukuzaji 78 na uvujaji 95. Ya pili ina ukuzaji 118 na uvujaji 210. Uwiano huu, ya kwanza karibu na 80 na ya pili kuelekea 120, ndio unaosifiwa na waundaji wengi kwa sakiti hii.

Siku ya 3

Kuhusu NKT275, transista iliyokuwemo kwenye Fuzz Face nyingi za mwanzo: siitafuti. Zilizobaki ni chache, na zinazouzwa kwa jina hilo mara nyingi ni transista nyingine zilizofutwa maandishi na kuchapwa upya. AC128 iliyopimwa vizuri ni bora kuliko NKT275 isiyojulikana inavuja kiasi gani.

Siku ya 5

Gerimani imeimba leo kwa mara ya kwanza, kwenye ubao wa majaribio, bila kulehemu chochote.

Na sauti ya kwanza ilikuwa mbaya. Noti inaanza vizuri, kisha inakwama na kukatika kama mtu aliyepaliwa, wala haififii polepole. Nikapima kolekta ya transista ya pili: volti 6.1. Inatakiwa iwe karibu na nusu ya betri, volti 4.5, ili wimbi liwe na nafasi ya kupanda na kushuka. (Sakiti ni ya PNP, chanya ndiyo ardhi, kwa hiyo mita inaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba. Naandika ukubwa wake tu.)

Nikaiondoa 8.2k, nikaweka trima (rezista ndogo inayorekebishwa kwa bisibisi) ya 20k mahali pake. Nikawa nazungusha kwa bisibisi mkono mmoja, mkono wa pili unapiga uzi mnene ukiwa wazi. 5.8, bado inakatika. 5.2, mkia wa noti umeanza kurefuka. Kwenye 4.6 kitu kilifunguka: noti ikajaa, ikashuka kwa utulivu hadi kimya, na nilipopunguza poti ya sauti kwenye gitaa lenyewe, uchafu wote ukaondoka ukabaki mlio safi wenye kumetameta. Huo ndio utamu wa sakiti hii. Nimekaa nao nusu saa nikifungua na kufunga poti ya gitaa kwa kidole kidogo.

Trima imesimama karibu na 12.9k. Yaani ningefuata mchoro wa 1966 neno kwa neno na kuweka 8.2k, ningeamua kwamba transista zangu ni mbovu.

Nimejaribu na upande wa pili, volti 3. Sauti inakuwa nene na iliyobanwa, si mbaya kwa noti mojamoja, lakini ukipiga nyuzi zote sita inavurugika.

Siku ya 6

Asubuhi nimewasha, volti 4.6, kila kitu shwari. Saa nane mchana, chumba kikiwa na joto, nikapima tena: 5.3. Hakuna nilichogusa.

Uvujaji wa gerimani huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzijoto 10. Ukiongezeka kwenye transista ya kwanza, inapitisha umeme mwingi zaidi, volteji ya kolekta yake inashuka, ya pili inapungukiwa na umeme wa beisi, na kolekta ya pili inapanda kuelekea volteji ya betri. Ili nijue ni ipi kati ya mbili inayoleta shida, nilishika kofia ya ile ya kwanza kwa vidole viwili huku nikiangalia mita: 4.6, 4.9, 5.4, 5.8, ikafika 6.2 ndani ya dakika moja, na spika ikaanza kutoa ule mlio wa kupaliwa. Nikaiachia, ikarudi taratibu. Nikashika ya pili: mita haikusogea sana.

Kwa hiyo isiyovuja sana ndiyo iwe ya kwanza, na trima lazima ifikiwe bila kufungua sanduku. Nitatoboa tundu dogo pembeni, kipenyo cha kupitisha bisibisi tu.

Siku ya 7

Nimejaribu OC75 mahali pa transista ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyotumika kwenye baadhi ya Tone Bender za zamani na nilikuwa nayo moja. Ukuzaji na uvujaji wake vilikuwa sawa. Lakini kukawa na mngurumo wa chini ambao haukuwepo jana. Nikasogeza waya, nikabadilisha kebo, nikazima kila kitu mezani isipokuwa taa. Mwisho nikazima na taa. Kimya.

OC75 imefungwa ndani ya kioo kilichopakwa rangi nyeusi, na hii yangu ilikuwa na mkwaruzo mwembamba ubavuni, kama wa kucha. Mwanga unapenya hapo na gerimani inauhisi. Taa ya umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini transista inaona, na fazi inakuza. Kipande cha utepe mweusi juu ya mkwaruzo, mngurumo umekwisha. Nimerudisha AC128 yenye kofia ya chuma, ila utepe nimeuacha kwenye OC75 kwa siku itakapohitajika.

Siku ya 8

Silikoni. Arbiter walihamia huko mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa transista kama BC183 na BC108, na sababu inaeleweka: hazivuji kwa kiasi cha kusumbua na haziyumbi kwa joto.

Nimeanza na BC108C, ambayo ukuzaji wake huanzia 420 hadi 800. Kwa 8.2k kolekta ya pili imesoma volti 3.4. Silikoni inahitaji volti 0.6 hivi kwenye beisi badala ya zile 0.1 hadi 0.2 za gerimani, kwa hiyo emita ya pili inakaa juu zaidi na umeme mwingi unapita. Trima safari hii imeshuka, 6.4k, nikapata 4.5. Nimezipasha kwa vidole: mita imesogea kidogo mno.

Sauti ni kali, yenye ncha, inang'ata. Pia inazomea. Nikiacha kupiga, kuna kelele ya "sssss", na ndani yake kwa mbali nikasikia mtu anasoma habari. Pedali imekuwa redio. Nikaweka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza, msomaji akanyamaza, na ukali wa juu ukapungua kidogo kwa namna niliyoipenda.

Kisha BC108A, ukuzaji kati ya 110 na 220. Hii imenifundisha mengi kuliko jaribio lolote la wiki hii. Ghafla silikoni ikawa laini, ikakaribia sana gerimani kwa jinsi inavyojaa. Bado haisafiki vizuri hivyo ninapopunguza poti ya gitaa, lakini sehemu kubwa ya kile tunachokiita "sauti ya silikoni" ilikuwa ni wingi wa ukuzaji.

Kwenye daftari nimeandika: "Silikoni ina nguvu zaidi, inapenya."

Siku ya 9

Nafuta sentensi ya mwisho ya jana. Nimetambua kosa usiku nikiwa kitandani.

Sauti haitoki kwenye kolekta moja kwa moja. Inatoka pale 470 inapokutana na trima, kwa hiyo tunachopata ni sehemu ndogo tu ya wimbi, kadiri ya uwiano wa 470 na jumla ya hizo mbili. Kwenye silikoni: 470 kwa 6,870, karibu asilimia 7. Kwenye gerimani: 470 kwa 13,370, asilimia 3.5. Silikoni ilikuwa na sauti kubwa maradufu kabla hata transista hazijasema neno! Na sikio la mtu husikia kikubwa kama kizuri.

Kwenye gerimani nimebadilisha 470 kuwa 1k na kupunguza trima hadi 12.4k, jumla ibaki ileile. Sasa zinalingana. Nimezisikiliza upya na nguvu ile ya kupenya imepungua sana. Kilichobaki ni ukali wa juu, ambao ni halisi.

Kuanzia leo hakuna kulinganisha kabla ya kusawazisha sauti.

Siku ya 10

Kapasita. Mdogo wangu amekuja kusaidia kugeuza swichi ili mimi nisijue iko wapi.

Thamani kwanza. Mlango wa sakiti hii una ukinzani mdogo. Ukiuchukulia kuwa 10k, mikrofaradi 2.2 inapitisha kila kitu kuanzia hezi 7 kwenda juu, wakati 0.1 inaanza kukata chini ya hezi 160. Uzi mnene wa gitaa ukiwa wazi ni hezi 82. Haikuhitaji swichi wala kufumba macho: kwa 0.1 mwili wa sauti ulikonda papo hapo. Kwa gitaa lenye pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) nene karibu na shingo, 0.47 ni pazuri, inaondoa matope bila kukondesha. Silikoni itabaki na hiyo. Gerimani itabaki na 2.2.

Kisha aina, kwa thamani ileile ya 2.2: ya kielektroliti, ya tantalamu, ya filamu. Nikakaa na mgongo kwa meza. Mara kumi tulizicheza mbilimbili, mara kumi nikataja ipi ni ipi. Nimepata tano. Mdogo wangu amejaribu yeye, akapata nne, akaniuliza, "Kaka, kwani ulikuwa unabadilisha kweli?"

Mwisho tukajaribu ya keramiki, na hiyo peke yake ndiyo tuliyoitambua, tena si kwa muziki. Nikiigonga kwa ncha ya kalamu, spika inatoa "tok". Kipande hicho kinageuza mtikisiko kuwa umeme, na kikiwa mlangoni, fazi nzima iko mbele yake kuukuza. Pedali hukanyagwa kwa mguu. Haifai hapo.

Siku ya 11

Rezista za kaboni ya kushindiliwa, zile za rangi ya kahawia zilizo nene kama punje ya maharage. Nilizitunza miaka mingi nikiamini zina joto fulani. Nikaweka 33k moja kwenye gerimani, na kweli, sauti ikabadilika, ikawa nene kidogo. Nilifurahi.

Halafu nikaipima. Ilisoma 37k. Rezista hizi zikinyonya unyevu kwa miaka huhama kutoka thamani yake. Nikachukua filamu ya metali, 33k na 3.9k zikifuatana, jumla 36.9k, nikaziweka badala yake. Unene uleule. Nikarudia kwa swichi, mgongo kwa meza, na sikuweza kuzitofautisha hata kidogo.

Imeniuma kidogo kuzirudisha kwenye kopo lao, lakini nimeandika 37k kwenye mchoro wangu, kwa sababu kwa transista hizi inapendeza. Zote nitatumia filamu ya metali, ambayo ina kelele ndogo na haihami.

Siku ya 13

Jana nimeunguza chanzo cha umeme. Niliunganisha gerimani kwenye waya mmoja na pedali ya mwangwi. Ya mwangwi hasi yake ni ardhi, ya gerimani chanya yake ni ardhi, na kebo ya gitaa inaziunganisha ardhi zote mbili. Huo ni mkato mtupu. Adapta ilitoa harufu na kufa. Pedali zote mbili ni nzima, namshukuru Mungu.

Gerimani itatumia betri peke yake. Ipo chipu ya MAX1044 inayogeuza volti 9 kuwa hasi 9, nayo inafanya kazi vizuri mradi mguu wa 1 uunganishwe na chanya ili mapigo yake yapande juu ya uwezo wa sikio. Usipofanya hivyo unasikia filimbi nyembamba. Kwa pedali inayokula chini ya miliampia 1, betri itadumu miezi mingi, sioni haja.

Hapo ndipo nikajiuliza kuhusu betri za zinki na kaboni, zinazosifiwa kuliko za alikali. Inasemwa kwamba ukinzani wake wa ndani huifanya volteji ilegee unapopiga kwa nguvu. Nimepima: pedali inakula miliampia 0.6. Hata ukinzani wa ndani ukiwa omu 50, kinachopotea ni volti 0.03. Nikatafuta betri moja ya kila aina zenye volteji sawa, 8.9, nikazigeuza kwa swichi. Hakuna tofauti. Lakini betri iliyochoka, yenye volti 7.4, hiyo ni sauti nyingine kabisa, laini, iliyofifia kingo, na naipenda kwa muziki wa polepole. Nadhani wanaosifu zinki wamesikia kitu cha kweli, ila walichosikia ni volteji iliyoshuka.

Siku ya 16

Kulehemu. Kwa transista za gerimani nimebana kila mguu kwa klipu ya mamba kati ya lehemu na kofia, ili joto liishie kwenye klipu. Kwa kweli nimeweka soketi kwa transista zote nne, lakini miguu ya AC128 ni laini na soketi hazikuibana vizuri, kwa hiyo hizo mbili nimezilehemu baada ya kuhakikisha.

Poti ya fazi: ya kawaida yenye mstari sawa haifanyi lolote hadi robo ya mwisho, halafu kila kitu kinatokea kwa pamoja. Nimeweka ya 1k yenye mkunjo wa kinyume. Sasa mzunguko mzima una kazi.

Siku ya 17

Zimefungwa. Nimeziacha usiku kucha zikae, asubuhi nikapima kabla ya kupiga noti yoyote. Silikoni 4.5, vilevile. Gerimani 4.3, kwa sababu kulikuwa na baridi. Robo ya mzunguko wa bisibisi kupitia tundu la pembeni ikairudisha 4.6.

Ndani ya kifuniko cha gerimani nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika: ya kwanza 78, uvujaji 95, ya pili 118, uvujaji 210, 37k, 1k na 12.4k, volti 4.6 kwa nyuzijoto 23. Atakayeifungua baada yangu akikuta sauti imekwama, ataanzia hapo.

AC128 sita zilizobaki nzuri nimezifunga kwenye bahasha yenye namba zao. Tatu kati yake zinatosha kwa Tone Bender MKII, na nimeshaanza kuchora.